Maisha ya Imamu Ghazali na Amana ya Ulezi wa Watoto

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, haya ni maelezo mafupi ya maisha ya Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjatul-Islam, yaani hoja ya Uislamu. Jina lake linajulikana kwa vitabu vyake. Lakini ni wachache wakumbukao ya kuwa mwanachuoni huyu alikuwa yatima, na kwamba msingi wa ilimu yake uliwekwa kwa mapatano ya watu wawili maskini: baba asiyejua kuandika, na mwalimu asiyekuwa na mali. Kwa hiyo maisha yake yamfaa kila mzazi mwenye mtoto chuoni, na kila mwalimu aliyekabidhiwa watoto wa watu.

KUZALIWA KWAKE NA HALI YA BABAKE

Imamu Ghazali alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na mwaka 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, upande wa mashariki wa Uajemi. Magofu ya mji huo yako karibu na mji wa Mashhad, katika nchi iitwayo leo Iran. Babake alikuwa akisokota nyuzi za sufu na kuziuza dukani kwake, wala hakula ila alichokichuma kwa mkono wake. Wako wanaosema kuwa jina la Ghazali limetokana na kazi hiyo, kwani msokota nyuzi kwa Kiarabu huitwa ghazzal; na wengine wamelinasibisha na kijiji kiitwacho Ghazala.

Mzee huyu hakubahatika kusoma, lakini aliwapenda waliosoma. Kila alipopata nafasi alihudhuria baraza za mafakihi, akawatumikia na kuwapa alichoweza katika kile kidogo alichonacho. Akiyasikia maneno yao hulia, akamwomba Mwenyezi Mungu amruzuku mwana atakayekuwa fakihi. Tena huenda katika baraza za watoa mawaidha, nyoyo za watu zikalainika na yeye akalia, akaomba apewe mwana atakayekuwa mtoa mawaidha. Mwenyezi Mungu akamtakabalia yote mawili. Mwanawe Muhammad akawa fakihi asiye na mfano katika zama zake. Na Ahmad, mdogo wake Muhammad, akawa mtoa mawaidha ambaye watu walikuwa wakijaa kumsikiliza.

Yafaa kuzingatia ya kuwa mzee huyu hakuomba tu kisha akakaa. Aliwatafuta watu wa ilimu, akakaa nao, akawahudumia kwa mali yake. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuingia darasani kabla ya wanawe kuingia.

USIA WA BABA

Hata mauti yalipomkaribia, wanawe walikuwa bado wadogo. Akamwita rafiki yake, mtu wa tasawufi aliyejulikana kwa wema, akamkabidhi watoto wale. Akamweleza ya kuwa ana majuto makubwa kwa kutojifunza kuandika, na kwamba shauku yake ni wanawe wayapate yaliyompita yeye. Akampa kile kidogo alichowaachia, akamruhusu akitumie chote katika kuwafundisha, wala hakuna lawama juu yake hata kikimalizika.

Katika usia huu mna mambo matatu. La kwanza, baba alimchagua mwalimu kwa tabia yake, wala hakutazama ukubwa wa jina lake. La pili, alimwambia wazi lile alilolitaka kwa wanawe. Hakumtupia watoto akaondoka. La tatu, alimwamini, akaitoa mali yake yote kwa ajili ya jambo lile, na kumwondolea mwalimu khofu ya kuhesabiwa. Mwenye kumpeleka mtoto chuoni bila ya kumjua mwalimu wake, wala kumwambia analolitaka, hajafanya alivyofanya msokota sufu huyu asiyejua kushika kalamu.

UAMINIFU WA MWALIMU

Yule rafiki akaipokea amana, akawafundisha watoto wale kwa bidii. Siku zikapita, na urithi wao ulikuwa mchache, hata ukamalizika. Hapo ndipo mwalimu alipotahiniwa. Yeye mwenyewe alikuwa fakiri, hana cha kuwalisha. Angeweza kuwatoa katika masomo akawatuma sokoni, na watu wasingemlaumu. Angeweza pia kunyamaza, watoto wakae na njaa mpaka wajiendee wenyewe. Hakufanya hili wala lile. Aliwaita, akawafahamisha ya kuwa amekwisha kutumia juu yao kila kilichokuwa chao, na kwamba yeye ni mtu mkavu asiye na mali ya kuwasaidia. Kisha akawapa shauri la kwenda katika madrasa wakawe miongoni mwa wanafunzi wake, ili wapate chakula cha kuwasitiri huku wakiendelea kusoma. Nao wakafanya hivyo, ikawa ndiyo sababu ya kupanda daraja yao.

Imamu Ghazali alikuwa akikihadithia kisa hiki ukubwani, akikiri ya kuwa wao waliingia katika ilimu kwa kutafuta riziki, si kwa kumtafuta Mwenyezi Mungu, lakini ilimu yenyewe ilikataa kuwa ya mwingine ila Yake. Haya hayakuwa ila kwa sababu mbegu ilikwisha kupandwa zamani na watu wawili waliokuwa na nia moja. Laiti mmoja wao angalivunja ahadi, baba kwa ubakhili au mwalimu kwa khiyana, vijana wale wangalipotea katika masoko ya Tus, wala asingalijua mtu hasara iliyopita.

SAFARI YA KUTAFUTA ILIMU

Ghazali alisoma fikihi kwanza papo hapo Tus, kwa Sheikh Ahmad ar-Radhakani. Kisha akasafiri mpaka Jurjan, akasoma na kuyaandika mafunzo ya mwalimu wake katika daftari. Alipokuwa akirudi, wanyang'anyi waliushambulia msafara wao na kuchukua kila kitu. Ghazali akawafuata, akamwomba mkubwa wao amrudishie zile daftari tu, kwani ndani yake mlikuwa na ilimu aliyoihangaikia. Yule mtu akacheka, akamstaajabia kijana anayedai kuwa amejua, na hali ilimu yake yaweza kuchukuliwa na mwizi akabaki mtupu. Kisha akamrudishia.

Ghazali aliyachukua maneno yale kuwa ni onyo la Mwenyezi Mungu lililopitishwa katika ulimi wa mnyang'anyi. Alipofika kwao alikaa miaka 3, akayahifadhi yote aliyoyaandika, hata angalinyang'anywa karatasi asingalipotewa na kitu. Tangu hapo alijua ya kuwa ilimu isiyoingia moyoni si mali ya mwenyewe.

Baadaye akaenda Naishapuri, akasoma kwa Imamul-Haramain al-Juwaini, mkubwa wa wanavyuoni wa Kishafi wa wakati ule, akadumu naye mpaka alipofariki mwaka 478 wa Hijra (1085). Hapo akamwendea Waziri Nidhamul-Mulk, ambaye baraza lake lilikuwa makutano ya wanavyuoni. Akajadiliana nao, na fadhila yake ikadhihiri.

BAGHDAD NA MTIHANI WAKE

Mwaka 484 wa Hijra (1091) Waziri huyo alimpeleka Baghdad kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya. Umri wake haukupita miaka 34. Wanafunzi wapatao 300 walikuwa wakihudhuria darsa yake, na wakubwa wa dola wakamtukuza. Mtu angalidhani ya kuwa dua ya mzee wa Tus imekwisha kutimia yote.

Lakini Ghazali alipoitazama nia yake katika kufundisha, aliona ya kuwa haikusafika. Aliona kinachomsukuma ni kutaka cheo na kuenea kwa sifa. Kwa muda wa kama miezi 6, tangu Rajabu ya mwaka 488 wa Hijra (1095), alivutwa huku na huku: leo aazimia kutoka, kesho yavunjika azma. Mwisho ulimi wake ukafungika, akawa hawezi kufundisha. Akakaa mbele ya wanafunzi wake na neno halimtoki. Chakula nacho kikamshinda, na waganga wakakata tamaa, wakasema kuwa ugonjwa umeanzia moyoni.

Ndipo alipoiacha Baghdad katika mwezi wa Dhulkaada mwaka ule ule. Mali yake akaigawa, asiache ila kadiri ya kuwatosha watoto wake. Na nduguye Ahmad akashika darsa mahali pake. Akaenda Shamu, akakaa faragha katika msikiti wa Dameski; akaenda Baitul-Mukaddas, akalizuru kaburi la Nabii Ibrahim, kisha akahiji. Katika miaka hiyo ya faragha ndipo alipotunga kitabu chake kikubwa, Ihyau Ulumid-Din, chenye vitabu 40 ndani yake. Na yeye mwenyewe ameeleza ya kuwa kilichomrudisha kwao, baada ya kuwa mbali na azma ya kurudi, ni mwito wa watoto wake. Aliyekuwa amekimbia vyeo vyote hakuikimbia haki ya wanawe.

MAFUNZO YAKE JUU YA WATOTO

Katika Ihya, pale anapoeleza kuitengeneza nafsi, Imamu Ghazali ameweka mlango maalumu juu ya malezi ya watoto. Asili ya maneno yake ni kwamba mtoto ni amana kwa wazazi wake. Moyo wake ni kama kito safi ambacho hakijachorwa kitu, nao hupokea kila chorwalo. Akizoezwa kheri, atakua juu ya kheri, na thawabu zitamfikia mzazi wake na kila aliyemfundisha na kumtia adabu. Akiachwa kama wanyama waachwavyo, ataangamia, na dhambi itakuwa shingoni mwa mwenye kumlea. Basi tangu mwanzo Ghazali amewashirikisha mzazi na mwalimu katika faida na katika dhima.

Tena ameeleza kazi moja moja. Kazi huanza nyumbani, kabla ya chuo. Tamaa ya kwanza imshikayo mtoto ni ya chakula, basi adabu ya kwanza iwe ni ya kula: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake, asiwatangulie wenziwe, asile kwa haraka, atafune vizuri, wala asiuchafue mkono na nguo. Azoezwe wakati mwingine kula mkate mtupu, asije akaona kitoweo ni lazima. Avishwe nguo za kiasi, asilale katika matandiko ya anasa, na akingwe na suhuba ya watoto waliozoea kudeka. Asijifakharishe kwa wenziwe kwa kitu alicho nacho babake; na kama ni mtoto wa tajiri, afundishwe kuwa utukufu uko katika kutoa, na kama ni wa maskini, afundishwe kuwa tamaa ya mali ya watu ni udhalilifu.

Kisha aende chuoni, asome Kurani, na khabari za watu wema, ili mapenzi yao yaingie moyoni mwake. Na akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri wa kumpumzisha, usiomchosha. Hili Ghazali amelitilia nguvu: kumzuia mtoto kucheza na kumlemea kwa masomo daima huua moyo wake, huizima akili yake, na humfanya atafute hila ya kuyakimbia masomo kabisa.

Juu ya makosa, ameonyesha njia ya hekima. Mtoto akifanya jema, asifiwe na apewe kitu cha kumfurahisha mbele ya watu. Akikosa mara moja, mzazi ajifanye hakuona, khasa ikiwa mtoto mwenyewe amelificha kosa lake. Kwani akifedheheshwa huenda akapata ujasiri, asijali tena. Akirudia, aonywe kwa siri. Lawama zisizidi kila wakati, kwani neno likikaririwa sana hupungua uzito, na mtoto huzoea kusikia lawama kama azoeavyo kusikia upepo. Baba auhifadhi utukufu wa neno lake, na mama amwonye mtoto kwa kumkumbusha babake. Wafanyao hivyo huwa kama mtu mmoja, wala mtoto haoni ufa wa kupita baina yao.

Afikapo umri wa kupambanua, asisamehewe kuacha tohara na sala, na aamrishwe kufunga baadhi ya siku za Ramadhani. Na itikadi ya dini ahifadhishwe mapema angali mdogo. Maana yake itamfunukia kidogo kidogo kila akikua, kwa kusoma Kurani na kuwaona watu wema wakifanya ibada.

KISA CHA SAHL

Ili wasomaji wasidhani kuwa mambo haya ni maneno matupu, Ghazali ameumaliza mlango huo kwa kisa cha Sahl bin Abdallah at-Tustari, walii mashuhuri wa karne ya 3 ya Hijra. Sahl alipokuwa na umri wa miaka 3 alikuwa akiamka usiku na kumtazama mjomba wake, Muhammad bin Sawwar, akisali. Mjomba akamfundisha kukumbuka moyoni, kila ajigeuzapo kitandani, ya kuwa Mwenyezi Mungu yu pamoja naye na anamwona. Akamwanzia mara 3 kila usiku, kisha mara 7, kisha mara 11, mpaka mtoto akaiona ladha yake. Hakumlemea kwa siku moja.

Hata walipotaka kumpeleka chuoni, mtoto yule alikhofu fikira zake zisije zikatawanyika. Wakubwa wake hawakumcheka, wala hawakumwacha bila ya kusoma. Walipatana na mwalimu kwamba aje kwa saa moja, asome, kisha arudi nyumbani. Mwalimu akaridhia, na mtoto akaihifadhi Kurani angali na miaka 6 au 7. Katika mapatano hayo madogo mna funzo kubwa: nyumba ilikijua kilichomo moyoni mwa mtoto, nayo ikamwambia mwalimu, na mwalimu hakuona kuwa heshima yake imepungua kwa kuwasikiliza wazazi.

WAJIBU WA MWALIMU

Katika kitabu cha kwanza cha Ihya, kinachohusu ilimu, Ghazali amemwekea mwalimu masharti, na la kwanza ni huruma: awaone wanafunzi wake kama wanawe wa kuzaa. Ameitukuza haki ya mwalimu hata kuipitisha juu ya haki ya wazazi, kwa kuwa mzazi ni sababu ya uhai huu unaopita, na mwalimu wa dini ni sababu ya uhai wa milele. Lakini hakumpa cheo hicho bure. Amemtaka amkataze mwanafunzi tabia mbaya kwa ishara na kwa upole, si kwa kumtahayarisha. Amfundishe kwa kadiri ya akili yake. Na zaidi ya yote, atende anayoyasema. Amempiga mfano wa fimbo na kivuli: kivuli hakiwezi kunyoka na hali fimbo yenyewe imepinda. Mwenye kuandika haya ni mtu aliyepata kuketi mbele ya wanafunzi 300, akajitazama, akajiona amepinda, akaondoka kwenda kujinyosha.

MWISHO WAKE

Mwaka 499 wa Hijra (1106) Waziri Fakhrul-Mulk, mwana wa Nidhamul-Mulk, alimtaka arudi kufundisha Naishapuri, naye akaitika. Akaeleza ya kuwa zamani alifundisha ilimu ya kutafutia cheo, na sasa anafundisha ile ya kukiachia cheo. Baada ya muda alirejea Tus, akajenga kando ya nyumba yake madrasa kwa wanafunzi, na ribati kwa watu wa tasawufi. Wakati wake akaugawa baina ya kusoma Kurani, kukaa na watu wema na kufundisha. Hivyo mtoto aliyepelekwa madrasa ili apate chakula, mwisho wake aliwafungulia wengine madrasa katika mji ule ule alikoachwa yatima.

Alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14 Jumada al-Akhira mwaka 505 wa Hijra, yaani 18 Desemba 1111. Nduguye Ahmad amesimulia ya kuwa alitia udhu, akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akatamka ya kuwa amesikia na ametii. Kisha akanyosha miguu, akaelekea kibla, akafa kabla jua halijapanda. Akaacha mabinti tu. Ahmad aliishi mpaka mwaka 520 wa Hijra (1126).

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, jina la Ghazali si geni darasani. Lakini kulitaja jina lake ni jambo jepesi. Zito ni kuishika amana aliyoieleza. Mzazi asiseme kuwa amekwisha kulipa ada na kazi imebaki kwa mwalimu. Wala mwalimu asiseme kuwa tabia za mtoto ni mambo ya nyumbani kwao. Baba aende chuoni akamjue mwalimu. Mama amweleze mwalimu aliyoyaona nyumbani. Na mwalimu aseme kweli, ya kufurahisha na ya kuhuzunisha, kama yule fakiri wa Tus alivyosema kweli siku mfuko ulipokuwa mtupu. Historia haikutuhifadhia jina lake kama ilivyolihifadhi jina la mwanafunzi wake, lakini ujira wake uko kwa Asiyesahau.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, na babake, na mwalimu wake wa kwanza, na awajaalie wazazi na waalimu kuwa na nia moja juu ya watoto wao. Amin.